Barua kwa binti yangu anayenguruma

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Wundanyi. Sisi hatujambo, mvua imeanza, na baba yako anashinda shambani. Rekodi uliyonitumia ya nyimbo zako za metali, ule muziki mzito wa roki unaoimbwa kwa kunguruma, nimeisikiliza mara nne. Mara ya nne niliazima spika ya jirani ili niyapate maneno yote. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie kwa utulivu. Na usidhani nataka kukukataza. Nguruma, mwanangu. Ule wimbo wa pili ulinisimamisha nywele.

Kilichoninyima usingizi ni ule ujumbe wa sauti uliofuata kesho yake asubuhi. Ulikuwa unakwaruza kama mlango wenye kutu, huku unacheka: "Mama, sauti imekwisha kabisa, shoo ilikuwa moto!" Ulilitamka hilo kwa fahari. Fahari hiyo naijua, maana niliwahi kuwa nayo.

Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki. Nilikuwa na darasa la watoto sabini na kitu chini ya paa la mabati, na mvua ikinyesha nilifundisha kwa kupiga kelele. Kila Ijumaa sauti ilikauka, kila Jumatatu ikarudi, nami nikauhesabu ukavu ule kuwa alama ya mwalimu mwenye bidii. Kisha ikafika Jumatatu ambayo haikurudi. Daktari wa masikio, pua na koo alinipitishia puani mrija mwembamba wenye kamera, akanionyesha kwenye skrini nyuzi zangu za sauti. Zilikuwa nyeupe, na katikati ya kila uzi palikuwa na kinundu kidogo, mfano wa sugu ya kiganja cha mtu anayelima.

Nyuzi hizo za mwanamke hazifiki hata sentimita mbili. Tukizungumza tu zinakutana takriban mara 200 kwa sekunde. Ukipanda noti za juu kabisa za soprano, zinakaribia mara 1,000. Ukizigonganisha kwa nguvu zinavimba, na uvimbe usiopewa mapumziko ndio unaogeuka sugu. Mimi niliepuka upasuaji kwa wiki nyingi za mazoezi ya sauti, lakini noti zangu za juu hazikurudi. Ndiyo sababu kwenye kwaya umenijua nikiimba alto tu. Kabla ya hapo nilikuwa soprano.

Kwa hiyo nilipojua unaimba metali, nilianza kusoma na kuwauliza wanaojua. Nikakuta jambo lililonipa moyo: ngurumo iliyofanywa vizuri haitokani na kuzikwaruza nyuzi hizo. Juu yake kuna jozi nyingine ya mikunjo, minene na laini zaidi, ileile inayojikaza unapomeza au unaponyanyua ndoo ya maji. Mwimbaji aliyefundishwa huileta mikunjo hiyo karibu, pumzi ikaitikisa, na mkwaruzo ukazaliwa pale juu huku nyuzi zenyewe zikiwa hazikubanwa. Mwaka 2016 watafiti waliichambua sauti ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, yule aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946. Walimrekodi mwimbaji wa roki akiuiga mkwaruzo wake, wakapiga picha za koo lake kwa kamera inayonasa zaidi ya picha 4,000 kwa sekunde. Wakaiona mikunjo ya juu ikitikisika pamoja na nyuzi za sauti. Mkwaruzo ule tuliodhani ni koo linalochanika kumbe una mahali pake na namna yake.

Ndiyo maana wapo wanaofundishwa. Angela Gossow, yule Mjerumani aliyenguruma na bendi ya metali ya Arch Enemy tangu mwaka 2000 hadi 2014, alisoma kwa Melissa Cross, mwalimu wa sauti wa New York ambaye amewapokea waimbaji wengi wa metali. Kwenda kwa mwalimu hakukumpunguzia ukali hata chembe.

Na pumzi, mwanangu. Ronnie James Dio, mwimbaji wa metali wa Marekani, alipiga tarumbeta tangu utotoni, na alisema pumzi ya tarumbeta ndiyo iliyomjengea sauti. Aliimba hadi alipokuwa na miaka sitini na saba. Kwenye video yako nimeona mabega yako yanapanda kila unapovuta hewa. Acha mabega yatulie. Mbavu ndizo zifunguke pembeni, tumbo litoke, halafu uiachie hewa kidogo kidogo. Ngurumo haihitaji hewa nyingi kama unavyofikiri. Wengi wa hao unaowasikia wanatoa sauti ndogo kuliko inavyosikika, na maiki ndiyo inayoikuza. Wewe unaishindania ngoma kwa koo. Mwambie fundi mitambo akuongezee sauti yako kwenye spika inayokutazama, kwa sababu mtu asiyejisikia lazima atapiga kelele.

Sasa lile ambalo kwangu ndilo zito. Katika wimbo wa tatu, palipo na kuimba kwa sauti safi, sikukusikia wewe. Nilimsikia mtu wa Marekani. Hata herufi ya "r" haikuwa yako. Unakumbuka ulivyokuwa ukimwita kaka yako aliyeko ng'ambo ya bonde? Ulikuwa na miaka tisa, unasimama juu ya jiwe, unaita mara moja tu, na yeye anageuka kule chini. Jioni nzima ungeita na koo lisikuume. Mdomo wazi, kidevu kimelegea, sauti inatangulia mbele. Ile ndiyo sauti yako. Anza nayo kwenye mazoezi: ita kwanza, halafu ita kwa noti, halafu ndipo uuongeze mkwaruzo juu yake, kidogo, kama chumvi.

Watu wa pwani walimpenda Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, hadi alipofariki mwaka 2013, na sauti yake ilikuwa nzito na yenye makwaruzo. Ukimsikia dakika moja unajua ni yeye. Sigara zake lakini ziache. Moshi unazikausha nyuzi na kuzivimbisha, na saratani ya koo naiogopa hata kuitaja.

Kabla ya kuimba, chukua mrija wa soda, uchovye kwenye glasi ya maji nusu, utoe sauti kupitia mrija huo huku maji yakitoa mapovu. Panda na ushuke taratibu, dakika tano. Mtaalamu wangu alinifundisha hilo na bado nalifanya kila asubuhi kabla ya chai. Kunywa maji tangu mchana, kwa sababu maji unayomeza hayapiti kwenye nyuzi za sauti. Yanakwenda tumboni kwanza, kisha mwili unayagawa baada ya saa kadhaa. Tangawizi na asali zinatuliza koo, kunywa tu, ila zenyewe hazizifikii nyuzi. Mvuke unafika.

Sauti ikikauka usinong'one. Kunong'ona kwa nguvu kunabana koo. Nyamaza. Usimeze aspirini ili umalize shoo: inaifanya damu isigande haraka, na kamshipa ka damu kwenye uzi wa sauti kakipasuka unaweza kunyamaza kwa wiki kadhaa. Na baada ya shoo, kile kikao cha kuzungumza kwa kelele kando ya spika, kisha ndani ya matatu yenye muziki juu, nadhani ndicho kinachokumaliza kuliko nyimbo zenyewe. Mimi pia darasani nilijikaza, lakini kilichonimaliza ni kwenda kuongoza kwaya jioni ileile.

Ukihisi maumivu, simama hapohapo, hata katikati ya ubeti. Mashabiki wako hawahitaji uumie ili waamini kuwa hasira yako ni ya kweli. Mimi niliiamini kabla hujaanza kukwaruza, uliposema yale maneno ya mwanzo kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nimekutumia pesa za kumwona daktari wa koo, akuangalie kwa kamera sasa hivi ukiwa mzima, ili tujue nyuzi zako zilivyo. Ukavu ukipita wiki tatu, hilo halina mjadala, unakwenda.

Jumamosi una shoo, najua. Usinipigie usiku ule. Nipigie Jumapili ukiamka, kabla hujazungumza na mtu mwingine yeyote, useme tu "Shikamoo mama". Nitakuwa nimekaa karibu na simu.

Mama yako.