Kwa makasisi na mashemasi wapya: kazi isiyokaguliwa na mtu

Wanangu mliowekewa mikono katika Kanisa Anglikana mwaka huu,

Bwana Yesu asifiwe.

Baadhi yenu mko katika dayosisi zenye urithi wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati), kama Zanzibar na Masasi, ambako mtaitwa Padre. Wengine mko upande wa CMS (Church Missionary Society, shirika jingine la wamisionari Waanglikana), kama Central Tanganyika, mtaitwa Kasisi au Mchungaji. Nawaandikia wote, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema halibagui urithi: sehemu kubwa ya kazi yenu itafanyika mahali ambapo hakuna wa kuwakagua. Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA, mwaka 1890, alihudumia Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, huku askofu wake akiwa mbali, Zanzibar. Pikipiki na simu zimepunguza umbali huo, lakini nyumbani kwa mgonjwa bado utaingia peke yako.

Naanza na huyo mgonjwa, maana hapo ndipo nawaogopea zaidi. Usiende na msafara. Mzee wa kanisa mmoja, au mama mmoja anayeijua familia, anatosha. Uliza kwanza kama mgonjwa amekula, kama anaweza kumeza, kama yuko macho. Kaa chini, maana ukisimama unamlazimisha akutazame juu. Soma aya nne au tano, si sura nzima, na usihubiri. Kama anameza kwa shida, vunja kipande cha mkate kidogo kama punje ya mchele, kichovye katika divai, umpe kwa kijiko, na maji yawe karibu. Asiyeweza kumeza kabisa mwambie waziwazi kwamba toba na imani yake vinamshirikisha Kristo kamili hata bila kumeza. Kitabu cha Sala kinafundisha hivyo. Mnaowapaka wagonjwa mafuta matakatifu, paji la uso na viganja vinatosha. Chukueni pamba ya kufuta, kwa kuwa mafuta yanayotiririka machoni yanamtesa mtu asiyeweza kuinua mkono.

Na hili nawasihi kwa nguvu zangu zote: asitoke kasisi yeyote chumbani akiacha neno linaloweza kueleweka kama "acha dawa." Mgonjwa wa kifua kikuu, wa kisukari, anayetumia ARV, husikia "umepona kwa imani" na kesho yake anavifungia vidonge kabatini. Sema kwa sauti, ndugu wakisikia: tunaomba, na dawa unaendelea nayo. Mwenye kisukari akikuambia anataka kufunga Kwaresima, mpe mfungo mwingine usiogusa chakula.

Kwenye Meza ya Bwana, tatizo la mara kwa mara ni kukadiria divai. Chupa ya mililita 750 huwatosha watu kama 100 wakinywa funda dogo. Hesabu watu wakati wa wimbo wa sadaka, kabla ya kumimina, na si kwa kukumbuka Jumapili iliyopita. Ikipungua, unaweka wakfu nyingine kwa maneno yaliyoamriwa. Ikizidi, lazima inywewe kwa heshima, haimwagwi wala hairudishwi chupani. Sasa fikiria una vituo vitatu siku hiyo, kila kimoja kina nusu kikombe kilichobaki, na wewe ndiye mwenye kuendesha pikipiki. Mimina kidogo, na waombe wasaidizi wamalize pamoja nawe.

Fedha. Sadaka ihesabiwe palepale kanisani na watu wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja, iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wasaini, ndipo mhazini aipeleke benki. Kasisi asiibebe kwenda nayo nyumbani hata usiku mmoja, hata kama ni mwaminifu kuliko wote. Ikipungua shilingi elfu kumi huna shahidi. Namba ya kupokelea sadaka kwa simu isajiliwe kwa jina la kanisa. Ikiwa ni laini yako binafsi, siku ya kuhama unaondoka na mfuko wa parokia. Katika mnada wa mavuno, andika jina la kila aliyeshinda bei na kuahidi kulipa wiki ijayo, maana kuku ataliwa leo na deni litasahauliwa. Wewe mwenyewe usipunguziwe bei. Waumini wanaona, na hawatasema mbele yako.

Daftari la ubatizo lijazwe siku ileile, kabla hujavua mavazi: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, wazazi, wadhamini, tarehe ya ubatizo, sahihi. Kwa asiye na cheti cha kuzaliwa, mstari huo mmoja unaweza kuwa ushahidi anaoupeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, akiwa mtu mzima. Nimeona kurasa ambazo baba ameandikwa "Juma" tu. Juma yupi?

Kwa ndoa, hakikisha kwanza una leseni ya kufungisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio itolewe siku 21 kabla, na wengi wenu mtadhani matangazo ya ndoa yanayosomwa kanisani Jumapili tatu yanatimiza hilo. Hayatimizi: ukitangaza Jumapili ya kwanza, ya tatu inaangukia siku ya 15. Familia itakuwa imeshachapa kadi na kulipia ukumbi, na shinikizo lote litakuangukia wewe. Pokea taarifa ya maandishi mapema, andika tarehe uliyoipokea, kisha ndipo upange matangazo.

Msibani, usimwadhibu marehemu. Inasikitisha kuona familia ikiambiwa maiti haitazikwa na kanisa mpaka zaka za miaka ya nyuma zilipwe. Anayeadhibiwa ni mjane. Mazungumzo ya zaka yalipaswa kufanyika marehemu akiwa hai, kwa kumtembelea.

Sala ya Asubuhi na ya Jioni mziseme kwa sauti, kengele ikipigwa, hata kanisa likiwa tupu. Katika Kitabu cha Sala, Zaburi zimegawanywa kwa siku 30 za mwezi. Jioni ya siku ya 15 utakutana na Zaburi ya 78 yote, na hapo wengi huanza kuruka. Ukikosa siku mbili kwa sababu ya safari, usizirundike. Anza na ya leo.

Na mtakapohamishwa, msiondoke kwa karamu peke yake. Kaeni na kasisi anayeingia na wazee wawili, mkabidhiane kwa orodha: madaftari yote na namba ya ukurasa wa mwisho ulioandikwa, vyombo vya Meza, salio la benki, madeni, funguo, na majina ya wagonjwa walio majumbani pamoja na siku kila mmoja alipotembelewa mara ya mwisho.

Wenu katika Kristo,
Kasisi mstaafu