Hades si jehanamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nitoe maoni kuhusu makala mliyoichapisha Jumapili iliyopita juu ya Wagiriki wa kale na imani zao kuhusu kifo. Niliisoma kwa furaha, kwa kuwa ni nadra gazeti la Kiswahili kumpa Demeter, mungu wa kike wa nafaka, na binti yake Persephone ukurasa mzima. Hata hivyo, mwandishi ameiita Hades "jehanamu", akaiita nchi ya wenye heri "pepo", kisha akahitimisha kwamba watu walikwenda Eleusis, kwenye ibada za siri za Demeter, kufundishwa maadili ili waepukane na moto. Hapo amechukua mizani ya thawabu na adhabu tuliyoizoea katika dini zetu, akawapimia watu ambao wengi wao hawakuijua.

Nianze na neno lenyewe. Waliotafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili walilikuta neno Hades katika Kigiriki wakaliandika "kuzimu", na "jehanamu" wakaiweka penye neno jingine kabisa, lenye asili ya Kiebrania. Walifanya vyema. Hades ya mshairi Homer ni kuzimu hasa, mahali wanapoishia wote, mwema kwa mwovu. Katika utenzi wake, shujaa Odysseus anapokutana huko na kivuli cha Achilles, shujaa mwenzake aliyekufa, na kumsifu kuwa hata kifoni ni mtawala, Achilles anamjibu kwamba afadhali angekuwa kibarua wa shamba kwa mtu fukara, mradi awe juu ya ardhi, kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Achilles haungui wala hajahukumiwa. Kinachomuuma ni kwamba amebaki kivuli. Wapo wachache wanaoteswa, kama Tantalus na Sisyphus, lakini hao waliwakosea miungu wenyewe. Mtu wa kawaida hakuwa hata na hadhi ya kuadhibiwa.

Hofu ya hali hiyo ndiyo iliyowapeleka watu Eleusis, mji mdogo ulio magharibi ya Athens, umbali wa kilomita zipatazo 20. Utenzi wa kale wa kumsifu Demeter unasimulia jinsi Hades, mungu wa kuzimu mwenye jina moja na mahali pake, alivyomteka Persephone, jinsi mama yake alivyomtafuta na kuizuia nafaka isiote, na jinsi binti alivyorudishwa lakini, kwa kuwa alikuwa amekwisha kula punje ya komamanga huko chini, ikambidi akae kuzimu theluthi moja ya kila mwaka. Mwishoni utenzi unasema heri yake mwanadamu aliyeyaona mambo hayo, na kwamba asiyeshiriki hatakuwa na fungu kama hilo akishakufa. Naomba wasomaji walitazame vizuri neno "aliyeyaona". Mtunzi hataji mwenye kutenda mema, wala mwenye kujifunza. Hata cheo cha kuhani mkuu wa Eleusis, *hierophantes*, maana yake ni mwonyeshaji wa vitu vitakatifu. Na mwanafalsafa Aristotle, ambaye kufundisha ilikuwa ndiyo kazi yake, alisema kwamba wanaoingizwa katika siri hizo, yaani kupokewa kuwa washiriki wa ibada, hawaendi kujifunza kitu, wanakwenda kupatwa na jambo na kuwekwa katika hali fulani.

Makala pia imedai kwamba siri hizo zilikuwa za wanafalsafa na matajiri. Si kweli. Tangazo la kufungua sherehe, ambayo iliangukia mwezi Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, liliwazuia wenye damu mikononi na wasiojua Kigiriki. Wanawake na watumwa waliruhusiwa. Gharama zilikuwapo, lakini za kubebeka: katika mchezo mmoja wa Aristophanes wa mwaka 421 KK, mkulima anayetishiwa kuuawa anaomba akopeshwe drakma tatu za kununulia kitoto cha nguruwe, maana ni lazima aingizwe kabla hajafa. Kila mwenye kuingizwa aliingia baharini na nguruwe wake, wakaoga wote wawili, kisha nguruwe akachinjwa. Siku chache baadaye msafara ulitoka Athens kwa miguu ukiwa na mienge, na penye daraja walikuwapo watu wa kuwarushia wapita njia maneno ya matusi, wakubwa kwa wadogo, kama sehemu ya ibada. Waliokuwa wamefunga walifungua kwa kinywaji cha maji, unga wa shayiri na mnanaa. Usiku waliingia katika ukumbi mkubwa wenye msitu wa nguzo, wakiwa maelfu, na humo gizani wakaonyeshwa walichoonyeshwa.

Walionyeshwa nini? Kusema kulikuwa kosa la kifo. Mwaka 415 KK Alcibiades, jemadari wa Athens, alishtakiwa kwa kuigiza siri hizo katika nyumba za watu, akatoroka, na Athens ikamhukumu kufa akiwa hayupo. Mwandishi mmoja wa Kikristo, Hippolytus, anasema kitu kikuu kilikuwa suke la ngano lililovunwa, likainuliwa kimya kimya. Wapo wataalamu wasiomwamini kwa kuwa alikuwa adui wa ibada hiyo. Mimi naelekea kumwamini, maana mtu anayetaka kuichafua ibada ya wenzake angebuni jambo la aibu zaidi ya suke.

Nakiri kwamba suala la maadili liliwasumbua Wagiriki wenyewe. Mwanafalsafa Diogenes, yule aliyesifika kwa ulimi mkali, aliuliza iweje mwizi Pataikion apate fungu jema kuliko jemadari Epaminondas eti kwa sababu mwizi ameingizwa. Swali lake lisingekuwa na makali kama siri hizo zingekuwa kweli shule ya tabia njema. Na katika mchezo wa *Vyura* wa mwaka 405 KK, Aristophanes anawaonyesha walioingizwa wakicheza kuzimu kwenye mwanga wa jua, wakijisifu kwamba pamoja na kuingizwa waliwatendea wageni kwa haki, huku waliowapiga wazazi wao wakigaagaa katika tope. Kwa hiyo wazo la hukumu lilikuwa likipenya. Lakini ni tope, Ndugu Mhariri, moto haumo.

Jambo ambalo makala haikuligusa hata kidogo, nami nalisikitikia kuliko yote, ni zile karatasi nyembamba za dhahabu walizozikwa nazo wafuasi wa siri za Dionysus, mungu wa mvinyo, hasa Italia ya kusini, Thessaly na Krete. Mojawapo ilipatikana mwaka 1969 huko Hipponion, Italia, kifuani pa mwanamke aliyezikwa yapata mwaka 400 KK. Ni ndogo, unaweza kuifumbata kiganjani, na imechorwa herufi za kumwelekeza njia. Inamwambia kwamba kulia kwa nyumba ya Hades ataona chemchemi yenye mvinje mweupe kando yake, ambako roho za wafu hujiburudisha, asiisogelee. Aende mbele hadi maji baridi yatokayo katika ziwa la Kumbukumbu. Walinzi watamuuliza anatafuta nini gizani, naye ajibu kwamba ni mtoto wa Dunia na wa Mbingu yenye nyota, kwamba kiu imemkausha na anaangamia, wampe maji anywe. Msomaji wa pwani aliyewahi kusimama kaburini wakati wa talakini atatambua haraka mtindo huu wa kumkumbusha maiti majibu, ijapokuwa mambo hayo mawili hayana nasaba. Swali wanalouliza walinzi halihusu matendo yake. Wanataka kujua yeye ni nani, na wokovu wake ni kutosahau.

Namalizia na Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi karne nne na zaidi baada ya mwanamke huyo, ambaye mwandishi wenu amemtaja kwa jina tu. Alikuwa safarini bintiye Timoxena alipofariki, mtoto wa miaka miwili aliyezaliwa baada ya wavulana wanne. Katika barua aliyompelekea mke wake anamkumbusha jinsi mtoto huyo alivyokuwa akimwomba yaya awanyonyeshe watoto wengine, na hata vitu vyake vya kuchezea. Kisha anamsihi asiwasikilize wanaosema kwamba aliyekufa ametawanyika na yamekwisha, na hoja anayompa ni zile ishara za siri za Dionysus ambazo wao wawili, mume na mke, walikuwa wamezishiriki pamoja. Hakuzieleza. Mke wake alikuwa ameziona.

Wenu mtiifu,
Msomaji, Tanga