Orodha za bandari zitaje kipimo

Ndugu Mhariri,

Orodha ya bandari zenye shughuli nyingi zaidi duniani iliyochapishwa katika gazeti lako hivi karibuni imezua mabishano huku Mwanza, hasa miongoni mwetu tunaoshinda magatini, kwa kuwa ilitoa namba bila kueleza ni namba za nini. Mwandishi aliiweka Shanghai mbele, na hapo hakukosea: mwaka 2024 bandari hiyo ilihudumia TEU (kipimo cha nafasi ya makontena) zaidi ya milioni 51, ikawa ya kwanza duniani kuvuka milioni 50, ikifuatiwa na Singapore yenye milioni 41 na Ningbo-Zhoushan yenye milioni 39. Tatizo ni kwamba namba hizo aliziita makontena. TEU ni nafasi inayochukuliwa na kontena moja la futi 20, kwa hiyo kontena la futi 40 huhesabiwa mbili hata likiwa limejaa magodoro, ilhali la futi 20 lililosheheni vigae, ambalo huenda likawa zito kuliko hilo la magodoro, huhesabiwa moja tu.

Kipimo hicho hakiulizi hata kama ndani kuna kitu. Makontena mengi yanayoshushwa Dar es Salaam yakiwa yamejaa hurudi baharini matupu, na safari ya kurudi nayo huingia kwenye hesabu ya bandari. Singapore ndiyo inayopotosha zaidi msomaji asiyeambiwa, kwa sababu sehemu kubwa ya shehena yake ni ya kuhamishwa kutoka meli moja hadi nyingine: kontena lile lile huhesabiwa linaposhushwa, kisha huhesabiwa tena linapopakiwa. Sisemi kwamba huo ni udanganyifu, maana winchi imefanya kazi mara mbili na gati limetumika mara mbili. Ila anayetaka kujua ni mzigo kiasi gani umepita hapo hataupata kwa kutazama TEU peke yake.

Ukipima kwa tani, orodha inageuka. Ningbo-Zhoushan inakuwa juu, ikiwa na zaidi ya tani bilioni 1.3 kwa mwaka. Port Hedland ya Australia, ambayo hutaiona kabisa katika orodha ya makontena, husafirisha zaidi ya tani milioni 500 kwa mwaka, karibu zote zikiwa madini ya chuma, na hivyo kuizidi Rotterdam, ambayo mwaka 2024 ilihudumia takriban tani milioni 436 na ndiyo iliyokuwa bandari kubwa kuliko zote duniani kwa miongo kadhaa. Wakala wa Vipimo humkamata mfanyabiashara wa viazi kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Sioni kwa nini gazeti liruhusiwe kuuza gunia lisilopimwa.

Nimeandika haya kwa sababu yanatugusa sisi wa ziwani. Kwa kipimo cha TEU, Bandari ya Mwanza Kusini haionekani, kwani mzigo wetu mwingi hausafiri ndani ya makontena. MV Umoja imetandikwa reli kwenye sitaha, na behewa huingia melini likiwa na mzigo wake kuelekea Port Bell nchini Uganda, bila gunia hata moja kushushwa begani. Pale mwaloni Kirumba nako mchukuzi hubeba gunia la dagaa linalomfunika kichwa na mabega, huku mwenzake akibeba mfuko wa saruji wa kilo 50 usiozidi urefu wa mkono. La kwanza hujaza chombo kabla halijakilemea, la pili hukilemea kabla hakijajaa. Ndiyo maana katika usafirishaji wa majini nauli ya mzigo mara nyingi hutozwa kwa tani au kwa mita ya ujazo, kutegemea ipi ni kubwa.

Hata neno tani linahitaji uangalifu. Taarifa kuhusu MV Mwanza zilitaja meli yenye uzito wa tani 3,500, na nimewasikia watu wazima wakidai itabeba tani 3,500 za mizigo, wakati uwezo uliotajwa ni tani 400 pamoja na abiria 1,200 na magari 20.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba kila mara gazeti linapotaja ukubwa wa bandari, liandike kando ya namba kipimo chake na mwaka wake, lieleze kama makontena matupu na ya kuhamishwa yamo, na kwa bandari za Mwanza, Bukoba na Kemondo liombe takwimu za tani, likitenganisha mzigo unaoingia na unaotoka. Reli ya kisasa kati ya Isaka na Mwanza ikikamilika, ulinganisho wa kabla na baada utahitaji namba za kipimo kimoja, na namba za kabla ni lazima zikusanywe sasa.

Wako,
Karani wa shehena,
Igogo, Mwanza