Maswali kwanza, mafuta baadaye

Mtu aliyekuja kuchuliwa mgongo hategemei kuulizwa kama mkojo unatoka vizuri. Sisi tunauliza. Masaji inayofuata ushahidi wa utafiti huanzia kwenye zile dakika kumi za mwanzo ambazo chupa ya mafuta bado imefungwa.

Mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, na kuna ganzi kati ya mapaja, neva za chini ya uti wa mgongo huenda zimebanwa. Huyo anaenda hospitali siku hiyohiyo. Mgongo unaouma pamoja na homa, kukonda bila sababu, ajali ya karibuni, au kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, nao unaanzia kwa daktari.

Kisha tunatazama miguu. Ukishuka kwenye basi la Mwanza miguu yote miwili imejaa kidogo, na inanywea ukilala na kuinyanyua, mara nyingi ni kukaa tu. Ukivimba mmoja, kigimbi kina joto na kinauma kikibonyezwa, hatuugusi. Huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, na donge likichomoka hukimbilia mapafuni. Kukaa safarini zaidi ya saa nne huongeza hatari hiyo, na wiki sita za baada ya kujifungua zina hatari kubwa zaidi. Ndiyo maana mzazi anayetaka kukandwa tunamkagua vigimbi hata kama bibi kule nyumbani kashachemsha maji.

Sasa, masaji inasaidia nini hasa? Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 25 ya maumivu ya mgongo wa chini, yenye watu zaidi ya 3,000. Nafuu ilionekana, lakini ya muda mfupi, na ushahidi wenyewe ulihesabiwa kuwa dhaifu. Hata hivyo, mwongozo wa 2017 wa American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, unaitaja masaji miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa kwa mgongo ulioanza kuuma karibuni. Kwa hiyo hatuahidi kuponya. Wala hatuuzi “kutoa sumu mwilini”. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Na asidi ya lakti, ile misuli inayoitengeneza ikifanya kazi nzito na inayosingiziwa maumivu kila mtu akitoka jimu, huwa imeshaondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya kesho yake na keshokutwa yanatokana na michubuko midogo ya misuli yenyewe, na hayo masaji huyapunguza kiasi.

Kwa kuwa ushahidi hauahidi makubwa, tunapima. Unataja maumivu yako kwa namba, 0 hadi 10. Unasimama bila viatu, magoti yamenyooka, unainama polepole, nasi tunapima kwa futi kamba ya fundi cherehani kutoka ncha ya kidole cha kati hadi sakafuni. Tuseme ni sentimita 28. Tunaandika, na tunarudia kabla ya kila huduma, si baada yake: mtu aliyetoka kuchuliwa yuko laini, namba yake inadanganya. Maumivu yakipungua chini ya alama mbili hatuyahesabu kuwa mafanikio. Mara nne bila mabadiliko, tunaacha kupokea pesa yako kwa tatizo hilo na kukuelekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Daktari David Sackett na wenzake waliandika mwaka 1996 kwamba tiba ya ushahidi ni utafiti bora uliopo, ujuzi wa mtoa huduma, na matakwa ya mgonjwa. Hilo la tatu ndilo linalokanyagwa kwenye kitanda cha masaji. “Bila kuuma haifanyi kazi,” wanasema wachuaji, na mteja anauma meno. Alama ya bluu kesho yake maana yake vishipa vidogo vimepasuka, basi. Kwetu ukisema “punguza”, mkono unapungua papo hapo.

Ukija, taja dawa zote unazomeza, hasa za kuzuia damu isigande kama warfarin; kwa hizo hatutumii kiwiko kabisa. Na vaa kaptula, ili vigimbi vionekane.