Bima mpya imemsaidia mama, mdogo wangu imemwacha nje

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Haya mageuzi ya bima ya afya kwetu yametugusa kotekote, mazuri na machungu. Mama ana kisukari miaka mingi, zamani kila tukiomba bima tunaulizwa anaumwa nini, tukisema tu fomu inarudishwa, sasa hivi hawezi kukataliwa kisa ugonjwa alionao na dawa anachukua bila kwanza kuhesabu hela kwenye leso. Hilo nashukuru sana, kweli kabisa.

Ila mdogo wangu anafanya vibarua, leo ana kazi kesho hana, na mchango unadaiwa tarehe ileile kama wa mtu mwenye mshahara, akiruka miezi miwili kadi inalala. Juzi kapeleka mtoto usiku ana homa, mhudumu kaingiza namba halafu kamgeuzia skrini aone maandishi mekundu, hakusema neno. Kalipa taslimu, hela ya kodi ya nyumba hiyo.

Naelewa bima ni kuchangiana, wazima wakikaa nje wakabaki wagonjwa peke yao mfuko unakauka, ndo maana tunalazimishwa wote. Lakini hata Marekani, sheria yao ya 2010 iliyozuia kampuni kukataa wagonjwa iliweka na ruzuku kwa wenye kipato kidogo, yaani amri na msaada vilienda pamoja. Wanaopanga waliangalie hilo, na mtu wa vibarua aruhusiwe kulipa kidogo kidogo siku anayopata.

Msomaji wenu