Utafiti wa malaria uandikwe kwa Kiswahili pia

Mhariri,

Nasikia watu wakibishana kama fedha za utafiti ziende kwa madaktari, wahandisi au hawa wataalamu wa takwimu na kompyuta. Wabishi hao ningewapeleka Ifakara, mkoani Morogoro.

Maabara ndogo iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1957 leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Tawi lake la Bagamoyo lilishiriki majaribio ya RTS,S, chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Wengine katika taasisi hiyo hubuni mitego na kuchunguza namna ya kuziba uwazi kati ya ukuta na paa, maana ndiko Anopheles, mbu anayeeneza malaria, anakopenda kupenya. Wengine humulika mbu kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kisha kompyuta hufundishwa kukadiria umri wake. Msicheke! Vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo anayeambukiza ni yule mzee. Dawa ya kuulia mbu ikifanya kazi, wazee hupungua.

Daktari peke yake asingeyaweza hayo yote.

Kinachoniudhi ni kwamba matokeo huchapishwa kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo mama wa bonde la Kilombero, aliyekubali mtego uwekwe nyumbani kwake, hatayaona kamwe. Gazeti lako litenge walau nusu ukurasa kila wiki, watafiti wenyewe waandike. Zile picha za wafadhili wakikata utepe tumeshazitosheka.

Msomaji wako,
Morogoro