Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Tiba kwa Vitendo

Ndugu wanachama,

Hesabu za ada atazisoma mweka hazina, na kamati imebaki ileile. Mimi nitakaa kwenye jambo moja lililobeba nguvu zetu mwaka huu: kuwafikisha watoto wetu wenye mtindio wa ubongo, yaani jeraha la mapema la ubongo linalovuruga mwendo na mkao, kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo.

Wengi wetu tulikuwa tukipeleka watoto mazoezi tiba, basi. Mtaalamu wa mazoezi tiba hushughulika na misuli, viungo na mwendo. Huyu wa tiba kwa vitendo huanzia kwenye siku ya mtoto: anakulaje, anavaaje, anakwendaje chooni, anachezaje, kalamu anaishikaje. Ndiyo maana maswali yake ya kwanza ni ya nyumbani. Atataka kujua mtoto hulishwa ameketi au amelala, na nani hubaki naye mama akienda shamba.

Mliohudhuria mafunzo mmejionea. Mtoto hulishwa ameketi wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, maana kichwa kikirudi nyuma chakula huweza kuingia mapafuni. Shati huanzia mkono ulio mgumu, na wakati wa kuvua mkono huo hutoka mwisho. Mpini wa kijiko huzungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka unenepe, kiganja kisichokunjuka vizuri kiweze kuushika. Na vile viti vya karatasi! Maboksi na magazeti ya zamani, yakigandishwa kwa gundi ya unga wa ngano tabaka kwa tabaka na kukaushwa sawasawa, yanambeba mtoto bila wasiwasi. Ila kiti ni cha kipimo cha mtoto mwenyewe. Msiazimane: kikimzidi atateleza na kukaa upande.

Kumpata mtaalamu ndiko kugumu, kwa kuwa ni wachache. Sisi wa Kilimanjaro tuna bahati, chuo kinachowafundisha kipo katika hospitali ya KCMC, Moshi. Aliye mbali aanzie zahanati, aombe rufaa ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, na akifika aulizie huduma za utengamao, zile za kumjengea mtu uwezo wa kujifanyia mambo yake, na kutaja tiba kwa vitendo kwa jina. Akisema "mazoezi" tu, ataelekezwa mlango mwingine. Muulizeni mtaalamu amesomea wapi na kama ana leseni; si utovu wa adabu. Anayeahidi kuuondoa mtindio wa ubongo kabisa, msimpe hata shilingi. Jeraha la ubongo halifutiki. Kinachoongezeka ni yale mtoto anayoyaweza, nayo kwa macho yangu nimeyaona yakiongezeka.

Linaniuma kuona mama amembeba mgongoni mtoto wa darasa la pili mpaka stendi, halafu anakosa nauli ya kurudi kliniki mara ya pili. Kwa hiyo kamati inaomba fungu la nauli litangulie fulana na sherehe katika bajeti ijayo. Tutalipigia kura leo.

Mwezi ujao tunatengeneza viti. Leteni maboksi, magazeti na unga wa ngano, na kila mzazi aje na mtoto wake apimwe.